Bega la Bibi Sikudhani

Ukiteguka bega katika Dodoma ya Wajerumani, miaka ile reli ilipofika, ulikuwa na njia mbili tu. Ukae na bega lako hivyo hivyo mpaka uingie nalo kaburini, ama uende kwa Bibi Sikudhani ukatukanwe. Watu walikaa wakapima, kisha wakaenda kutukanwa.

Maana mama yule hakumgusa mtu kabla ya kumsema. Analetwa mwanamume mzima, kidevu kimelowa machozi, mkono unaning'inia, naye anamzunguka taratibu kama mtu anayekagua mbuzi wa bei ndogo. "Haya, hodari wa reli. Ulikuwa unabeba chuma au unabeba sifa?" Akishamaliza kucheka peke yake humlaza chini, humpachika kisigino kwapani, hushika kifundo cha mkono kwa mikono miwili, na hapo, bila kuhesabu, bila bismillahi ya kusikika, huvuta. Utasikia ukelele mmoja wa kumwamsha aliyelala huko mbali Kikombo. Kisha mfupa unarudi mahali pake, kwo! Na yeye anasimama, anakung'uta kanga, anasema, "Kwa kelele hizo nilidhani unajifungua."

Alizaliwa Mpwapwa, kambini, enzi za misafara. Mama yake alikuwa akiwakanda wapagazi kwa mafuta ya nyonyo, na mtoto alikuwa akishika kibuyu cha mafuta, akitazama migongo ya watu toka asubuhi mpaka jioni. Ukitazama migongo ya watu miaka kumi na mitano, nyuso zao hazikusumbui tena. Alipokuwa msichana wa kuolewa, alikwisha kujua kwa kupapasa tu kwamba huyu amebeba pembe, huyu amebeba robota la nguo, na huyu hajabeba kitu, anasingizia. Wanyamwezi aliwasifu kidogo, kwa shingo upande. "Wale angalau mabega wanayo," alisema. "Watu wa pwani wanabeba kwa mdomo." Na Wagogo, wenyeji wa nchi, aliwaweka chini ya wote. Mwanamume wa Kigogo, kwa maneno yake, hajapata kubeba kitu ila mkuki na habari za ng'ombe.

Reli ilipoua misafara, Mpwapwa ikabaki na vumbi lake, naye akafunga virago akaifuata riziki Dodoma. Alikuwa mjane. Mwanawe alikuwa amechukuliwa uaskari, yuko Iringa, na mkewe, Stara, ndiye aliyekaa na mama mkwe katika tembe moja karibu na stesheni. Stara alikuwa binti mpole, mwembamba, mwenye subira ya jiwe. Alihitaji kuwa nayo.

Sasa nikwambie alivyolijua bega, maana hakuwa mjinga, hata kidogo. Alikuwa na ulimi mbaya na kichwa kizuri, na hivyo viwili vikikutana katika mtu mmoja, majirani wana kazi. Alisema hivi: bega ndicho kiungo cha kipuuzi kuliko vyote alivyoumba Mungu. Nyonga ameitia kwenye kinu, ikatulia. Bega ameliweka juu ya kisahani, mpira wa mfupa juu ya kisahani kilicho bapa, ili binadamu apate kuinua mkono mbele, nyuma, kando, juu ya kichwa, auzungushe, ajikune mgongoni, ajifunge nguo. Hakuna kiungo kingine chenye uhuru huo. Na kila mwenye uhuru mwingi hana pa kulala, ndiyo maana bega linatoka. Kilichobaki cha kulitia adabu ni mtulinga, ule mfupa mwembamba unaolala chini ya shingo, unaolizuia bega lisiangukie kifuani. Ukijua mtulinga ulipo, ukajua kisahani kilipo, umejua bega. Hivyo ndivyo alivyosema, na aliyethubutu kumwuliza kuhusu nyama aliambiwa aende buchani.

Neno hilo la buchani lilikuwa na mtu wake. Kulikuwa na Mgogo mmoja wa Ipagala, jina lake Yotham, mtu wa makamo, aliyebatizwa kwa wamisheni huko Mpwapwa akarudi kwenye ng'ombe wake kama vile hakuna kilichotokea. Katika ukoo wao yeye ndiye aliyekata nyama ng'ombe anapochinjwa kwa arusi au matambiko. Na kwao nyama haikatwi ovyo. Bega la ng'ombe lina wenyewe: kipande hiki cha mjomba, hiki cha mkwe, hiki cha wazee wa kaya, na mpaka wa kipande ni pale nyama moja inapoachana na nyingine. Ukipitisha kisu katikati ya nyama badala ya kuufuata utando, umekula haki ya mtu, na ugomvi wake hauishi mwaka. Yotham alikuwa amefuata utando huo tangu ujana wake. Alianza kwa kunyoosha ndama walioteguka, kisha akanyoosha wachungaji, na mwishowe wakaanza kumjia hata watu wa stesheni, wale waliochoka matusi.

Bibi Sikudhani alipolisikia hilo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ng'ombe!" alisema, na wanawake kisimani wakatua mitungi yao wasikilize. "Ng'ombe ana mtulinga? Mchinjeni mmoja mtafute. Mguu wake wa mbele umeshikwa na nyama tupu, ukipitisha kisu unaondoka na bega lake, hakuna mfupa ulioungana na mbavu. Nileteeni ng'ombe mwenye mtulinga nimvike kanga, nimwite somo yangu. Halafu mtu aliyesomea kwa ng'ombe aje aguse bega la binadamu!"

Na lilikuwa kweli tupu, ndiyo maana likachoma. Wachinjaji walikwenda kutazama wakarudi wakisema mama yule hakukosea, ng'ombe hana mtulinga. Watoto wakamwita Yotham "Bwana Ng'ombe" akipita. Yeye hakujibu. Alikuwa akimwamkia mama yule kila anapomwona, "Mbukwenyi, bibi," kwa Kigogo chake na heshima zote, na mama huyo alikuwa akimwitikia kwa pua.

Basi mwaka huo uwele ulikuwa umeanikwa juu ya mapaa. Matembe yetu, mnayajua, mapaa yake ni bapa, ya udongo, na ndiyo uwanja wa kuanikia. Alhamisi moja asubuhi kuku alipanda kwenye uwele wa Bibi Sikudhani. Angemtuma Stara, lakini Stara alikuwa amekwenda kuteka maji, na hasira haingoji mtu. Akapanda mwenyewe, akamrushia kuku ufagio na tusi kwa pamoja, ukingo wa paa ukamomonyoka, mama akaja chini mkono wa kulia mbele.

Hakupiga kelele. Alilala pale vumbini, akakusanya pumzi, kisha kwa mkono wa kushoto akajipapasa. Pale palipotakiwa kuwa na mviringo palikuwa na pembe, kama kona ya sanduku. Chini ya mtulinga, mbele, palikuwa na uvimbe mgumu usiokuwa na haki ya kuwapo. Akajaribu kuupeleka mkono wa kulia ukaguse bega la kushoto, kama alivyokuwa akiwaamuru wagonjwa wake. Haukwenda. Alijua. Hakuna mtu Dodoma nzima aliyejua haraka hivyo.

Na alijua jambo jingine, la kutisha zaidi: mkono ule ndio riziki yake na ndio jina lake. Kwa kushoto unaweza kulia chakula cha aibu, huwezi kuvuta bega la Mnyamwezi. Akibaki hivyo, amekwisha. Atakuwa bibi kizee mmoja tu mwenye ulimi, na wa namna hiyo wamejaa tele.

Stara aliporudi alimkuta amekaa sakafuni ndani, uso umepauka. "Funga mlango," mama akasema. "Lala chini pale. Tia kisigino chako kwapani mwangu. Shika mkono. Vuta."

"Mama, mimi siwezi!"

"Nani amekuuliza kama unaweza? Vuta!"

Maskini Stara akavuta. "Unavuta kama unaondoa unywele kwenye uji! Vuta!" Akavuta tena huku analia, na kila alipovuta, nyama za mama yule zilikaza zikawa ngumu kama kuni, zikaukumbatia mfupa pale pale ulipokosea njia. Mara nane, mara kumi. Mwisho Stara akauachia mkono akakaa kando.

"Mganga hajigangi, mama," akasema. "Niruhusu nimwite Yotham. Ni hapo Ipagala tu, adhuhuri atakuwa amefika."

Lo, ungemwona! Maumivu yote alikuwa ameyameza, lakini hilo hakulimeza. "Yule mchunga? Anishike mimi? Mimi nimekuwa ndama? Heri likatike lote litupwe. Na ukimwambia mtu yeyote, Stara, Mungu shahidi, utarudi kwenu leo hii na mkeka wako kichwani."

Stara hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Yotham. Alasiri Yotham alibisha hodi, akasimama nje ya mlango, fimbo mkononi. "Mbukwenyi, bibi. Nimesikia umeanguka."

"Umesikia uongo."

"Bega halipendi kungoja, bibi. Leo ni kitu kidogo."

"Ng'ombe wako wamekosa nini hata unawaacha peke yao? Nenda zako, Yotham. Siku nikiota pembe nitakuita."

Akaitia fimbo begani, akaenda zake. Na Bibi Sikudhani, kwa macho yake mwenyewe, alimtazama akiondoka mpaka akapotelea kwenye miiba, na hakumwita. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wahenga walisema mguu kwa sababu hawakumjua yeye.

Siku zikapita. Aliuficha mkono ndani ya kanga, akaufunga kiunoni, akatangaza kwamba ana homa. Usiku hakulala, mchana aliwatukana wapita njia ili wasishuku. Stara alimlisha, alimvalisha, alimsuka. Mwenyewe alijaribu kuushinda mkono ule kwa maji ya moto, kwa mafuta ya nyonyo, kwa kuuning'iniza kwenye ubao wa mlango na kuufungia jiwe la kusagia. Maumivu yalianza kupungua, na hilo ndilo lililomtisha, kwa kuwa alikwisha kuwaambia watu mia kwamba bega lililonyamaza nje ya nyumba yake limeanza kuhamia huko. Kila asubuhi alisema leo nitamwita. Kila asubuhi aliuona uso wa yule mtu mlangoni, na heshima zake, na fimbo yake, akasema kesho.

Siku ya tisa walimleta Silvano. Alikuwa Mnyamwezi wa reli, kijana mwenye kifua kama mlango wa boma. Pau la chuma lilikuwa limemponyoka mwenzake, likamvuta mkono, bega likatoka. Wenzake wanne walimbeba kwenye machela mpaka uani, wakamtua, wakavua kofia.

"Bibi, tunakuomba. Msimamizi amesema asipoonekana kazini kesho kutwa, amefutwa."

Bibi Sikudhani alisimama kizingitini, kanga imefunika kulia kote. Alilitazama bega la kijana yule, pembe ile ile, uvimbe ule ule. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na tusi tayari. Wanaume wanne wakamngoja.

"Mimi nimechoka na wapumbavu," akasema mwishowe. "Mnanipasulia mabega ninyi, mimi nimekuwa mtumwa wenu? Mpelekeni kwa yule wa ng'ombe. Anawatosha."

Wakashangaa, lakini wakaenda. Naye akawafuata mpaka Ipagala. Alijiambia kwamba anakwenda kucheka.

Yotham alitandika ngozi ya ng'ombe sakafuni, akamlaza Silvano, akawaomba wenzake wangoje uani. Alipomwona Bibi Sikudhani mlangoni alimwamkia, akampa kigoda, hakuuliza kitu. Kisha akachuchumaa ubavuni pa mgonjwa, akaushika mkono, na asivute.

Bibi Sikudhani akangoja avute. Hakuvuta. Alikuwa anapapasa kwa dole gumba, si mifupa, nyama. Aliipapasa ile ya kifuani inayouleta mkono ndani, akaiacha. Akaipapasa ile pana inayotoka mgongoni ikaingia kwapani, inayoushusha mkono chini. Akaenda mpaka ile inayolivika bega kama kofia, ile ya kuinulia. Kisha akaanza kuimba kwa pua, taratibu, ule wimbo wanaowaimbia ng'ombe wenye woga wakati wa kukamua. Loo, wimbo wa ng'ombe! Bibi Sikudhani alitaka kucheka na kicheko hakikuja. Mkono wa Silvano ulikuwa unatoka kando, kidogo, kidogo sana. Nyama ya kifuani ikikaza, Yotham anaacha kusogeza, anaimba, anangoja. Ikilegea, anausogeza tena. Mkono ukapanda usawa wa bega, ukapita sikio, kama mtu anayetaka kuchuma kitu juu ya mti. Dole gumba kwapani likasukuma kitu kidogo tu. Mfupa ukarudi. Silvano alikuwa bado anangoja aumie.

Ndipo Bibi Sikudhani akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma kuliko kuanguka. Ni kweli ng'ombe hana mtulinga. Mguu wake umeshikwa na nyama tupu, basi mtu aliyesomea kwa ng'ombe amezisoma nyama, moja moja, na mpaka wa kila moja. Na bega lililotoka halishikwi nje na mfupa. Linashikwa na nyama zilizoogopa. Miaka thelathini yeye alikuwa akipigana na nyama za watu na kuzishinda kwa nguvu, akadhani ule ukelele ni sehemu ya dawa. Alikuwa na hoja ya kweli mkononi na akaisoma kichwa chini.

Silvano akatoka nje kwa miguu yake, wenzake wakashangilia. Ndani wakabaki wawili. Bibi Sikudhani akafungua kanga.

"Na hili?" akasema.

Yotham hakusema "nilikwambia." Alilitazama, akaligusa, uso ukamwanguka. "Siku ngapi?"

"Tisa."

Akamlaza kwenye ngozi. Akaimba. Akapapasa, akangoja, akasogeza, akangoja tena, mpaka jua likahama kutoka ukuta huu hadi ule. Mama yule alilala kimya, nyama zote amezilegeza, akajitahidi kuwa ng'ombe mwema. Haikusaidia kitu. Mkono ulifika mahali ukagota.

"Nyama zimejenga huko, bibi," Yotham akasema. "Nikilazimisha nitavunja mfupa. Mkono utapanda mpaka kifuani, zaidi ya hapo hautapanda. Nisamehe. Siku ile ningeingia bila ruhusa."

"Ningekupiga kwa mchi," akasema.

"Najua."

Akamfunga kanga vizuri, wakatoka. Nje kulikuwa na Silvano na wenzake, Stara aliyekuja mbio, na majirani waliokusanyika kwa kuwa watu hukusanyika. Mmoja akauliza Bibi Sikudhani alikuwa akifanya nini ndani muda wote huo kwa Bwana Ng'ombe. Wengine wakaanza kucheka. Na Yotham, yule mtu asiyekuwa na jibu maishani mwake, akajibu.

"Bibi alikuja kunifundisha. Alikuwa akinionyesha makosa yangu."

Watu wakaitikia, aa, ndivyo. Jambo likaeleweka, heshima ikabaki mahali pake. Bibi angenyamaza tu, angekwenda nyumbani na jina lake. Lakini kuhurumiwa, tena mbele za watu, tena na mchunga! Wallahi mama yule alikwisha kuwatupia watu matusi ya kila aina, na hakuna hata moja lililopata kumwingia mtu kama ule uongo mwema ulivyomwingia yeye.

"Mwongo huyu," akasema. Akavuta kanga kwa kushoto, bega likabaki wazi, na pembe yake. "Tazameni, tazameni vizuri, macho hamlipii. Limetoka siku tisa. Alikuja mlangoni kwangu siku ile ile nikamfukuza, kwa kuwa mimi ni mpumbavu, nawashinda ninyi nyote, na ninyi si haba. Sasa limekufa. Mkiteguka tena msinijie. Njooni kwa huyu. Na atakayemwita Ng'ombe, mkono wa kushoto bado ninao."

Stara alikuwa analia waziwazi. Mama mkwe akamwambia aache kumwaibisha, kisha akamgeukia Yotham, akamtazama toka miguu mpaka kichwa, kwa dharau yote aliyokuwa amebakiwa nayo.

"Na wewe kesho alfajiri uje kwangu. Nyama unazijua. Mtulinga huujui, nimekuona, unaupapasa kama kipofu anayetafuta kiatu. Ukivunjika siku moja katika mikono yako utafanya nini, utauimbia? Uje nikufundishe. Na uoge."

"Ndiyo, bibi," Yotham akasema.

Alfajiri alikwenda, ameoga, na kuku walikuwa bado hawajashuka. Alimkuta mama yule ameketi kizingitini, mkono wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine, ameamka zamani anamngoja. Neno la kwanza alilomwambia ni kwamba amechelewa.